Mary Tealby, mama aliyechekwa kwa ajili ya mbwa koko

Leo sina siasa wala mpira, nina mbwa. Wale mnaohesabu dakika hapo kafe msiondoke, sitawachelewesha.

Kule London kuna nyumba maarufu ya mbwa na paka waliopotea au kutupwa, inaitwa Battersea. Aliyeianzisha ni Mary Tealby, aliyezaliwa mwaka 1801. Aliolewa na mfanyabiashara wa mbao wa mji wa Hull, ndoa ikamshinda, akahamia London. Hakuwa tajiri, hakuwa na cheo chochote, na mwaka 1860 umri wake ulikuwa unagonga 60. Mtu wa namna hiyo wengi wetu tungemwambia mama pumzika sasa.

Mwaka huo rafiki yake aliokota mbwa anayekufa kwa njaa mtaani. Wakajitahidi kumponya wakashindwa, akafa. Badala ya kuishia kwenye masikitiko, wakaanza kuokota wengine na kuwaweka jikoni kwa yule rafiki. Jiko likajaa! Ndipo mama Tealby, akisaidiwa na ndugu yake ambaye alikuwa kasisi, akakodi banda la farasi mtaa wa Holloway na kulifanya makao ya mbwa.

Hapo kelele zikaanza. Gazeti kubwa la The Times likamkejeli hadharani, kana kwamba mama wa watu kapungukiwa akili. Majirani nao wakalalamika mbwa wanabweka. Na tusijifanye hatuwaelewi, manake chanjo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu ilikuwa haijapatikana, Pasteur aliileta 1885. Ukishaanza kuugua kichaa cha mbwa ilikuwa kifo, basi.

Mimi kilichonivutia zaidi ni utaratibu wake. Ukiokota mbwa unampeleka pale, lakini hupewa hata senti. Kwa nini? Kwa sababu London ilikuwa na wezi wa mbwa, na ukitangaza zawadi tu, kesho yake watu wataiba mbwa wa jirani waje kudai wamemwokota. Mwenye mbwa akija anamtambua wake, analipa gharama za chakula, anaondoka naye. Waliokuwa wanachangia makao hawakulipa. Siku 14 zikipita bila mtu kujitokeza, mbwa anauzwa ili hela iwalishe waliobaki, au anaondolewa kwa njia nyingine. Hiyo "njia nyingine" mnaielewa.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii mpaka leo. Banda lina nafasi chache na mtaani mbwa hawaishi, kwa hiyo kila anayeingia lazima kuwe na anayetoka. Mama aliyeanza kwa kumlilia mbwa mmoja alijikuta yuko kwenye hesabu za nani abaki na nani asibaki.

Mwaka 1862 mwandishi Charles Dickens alichapisha makala kwenye jarida lake, akiyalinganisha maonyesho ya mbwa wa matajiri na yale makao ya mbwa maskini. Iliwasaidia sana kujulikana.

Mama Tealby alifariki 1865, miaka mitano tu tangu aanze. Battersea yenyewe hakuiona, makao yalihamia kule 1871. Kabla ya hapo, mwaka 1867, sheria iliwapa polisi wa London mamlaka ya kukamata mbwa wanaozurura, na wengi wao wakaletwa hukohuko. Idadi ikafumuka, na waliouawa kwa kukosa wa kuwachukua walikuwa wengi mno. Paka walianza kupokelewa 1883, na 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wa makao. Kicheko kikakatika ghafla, si unajua watu!

Siku hizi pale hawahesabu siku tena. Mnyama anapimwa, anachanjwa, anafungwa uzazi, anawekewa kichipu chenye namba ya kumtafutia mwenyewe, halafu anatafutiwa familia, na familia yenyewe inahojiwa kwanza. Nadhani kufunga uzazi ndiyo dawa kubwa kuliko zote, manake mbwa ambaye hakuzaliwa haokotwi. Mama Tealby hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na banda, chakula na siku 14.

Haya wadau, ungekuwa wewe mwaka 1860, siku ya 15 ungefanyaje?