Anna Magnani, Mama wa Roma

Roma ni mji mkuu wa Italia, nchi iliyoko Ulaya. Katika mji huo, tarehe 7 Machi 1908, alizaliwa mtoto wa kike. Aliitwa Anna. Jina lake la ukoo, Magnani, lilitoka kwa mama yake. Baba yake hakumjua.

Mama yake alikuwa bado kijana. Alimwacha mtoto kwa bibi yake, akaenda kuishi Alexandria, katika nchi ya Misri. Anna akalelewa na bibi huyo pamoja na dada za mama yake. Walimpenda. Lakini alikua akijua kwamba mama yake yuko mbali.

Mtoto huyo baadaye alikuwa mwigizaji wa sinema aliyejulikana dunia nzima. Mwigizaji ni mtu anayejifanya mtu mwingine katika mchezo, ili watazamaji waone mambo ya maisha.

Kazi za mwanzo

Bibi yake alimpeleka katika shule ya watawa. Baadaye Anna alisoma katika chuo cha michezo ya kuigiza mjini Roma. Kisha alianza kuigiza jukwaani na kuimba katika kumbi za starehe. Watu walipenda kumwona, maana aliweza kuwachekesha na kuwaliza.

Katika sinema mambo yalikuwa magumu zaidi. Siku hizo watengenezaji wa sinema walipenda wanawake wenye sura laini na nywele zilizotengenezwa vizuri. Anna hakuwa hivyo. Nywele zake nyeusi zilikuwa timtim. Sauti yake ilikuwa nzito, na alisema kama wanawake wa sokoni Roma. Kwa hiyo kwa miaka mingi alipewa sehemu ndogo ndogo tu.

Mwaka 1935 aliolewa na Goffredo Alessandrini, aliyekuwa mtengenezaji wa sinema. Ndoa hiyo haikudumu.

Mtoto wake anaugua

Mwaka 1942 Anna alizaa mtoto wa kiume na mwigizaji mwenzake. Mtoto aliitwa Luca. Baba yake hakukaa nao. Anna akampa mtoto jina lake mwenyewe la Magnani, kama mama yake alivyompa yeye. Lakini yeye hakumwacha mwanawe.

Luca alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alipatwa na ugonjwa wa kupooza, uitwao polio. Miguu yake ikakosa nguvu. Wakati huo chanjo ya ugonjwa huo haikuwapo. Chanjo ilianza kutumika mwaka 1955. Anna alihangaika na mwanawe kwa waganga. Tangu hapo, kila kazi aliyoifanya, aliifanya akimfikiria Luca na gharama za matibabu yake.

Sinema ya vita

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea. Mwezi wa Septemba 1943 askari wa Kijerumani waliuteka mji wa Roma. Walikamata wanaume wengi ili kuwapeleka kufanya kazi kwa nguvu. Tarehe 3 Machi 1944, mama mmoja aliyeitwa Teresa Gullace alikwenda kwenye kambi ambamo mumewe alikuwa amefungwa. Alikuwa na watoto watano, tena ni mjamzito. Askari alimpiga risasi, akafa pale pale. Mwezi wa Juni mwaka huo Wajerumani waliondoka Roma.

Mapema mwaka 1945, Roberto Rossellini alianza kutengeneza sinema juu ya mateso hayo. Vita vilikuwa bado vinapiganwa kaskazini ya Italia. Fedha zilikuwa chache, na hata filamu za kupigia picha zilikuwa taabu kupatikana. Sinema hiyo iliitwa kwa Kiitaliano Roma città aperta. Anna alipewa sehemu ya Pina, mama aliyefananishwa na Teresa.

Siku ambayo Pina angefunga ndoa, Wajerumani wanamkamata mchumba wake na kumpakia ndani ya lori. Pina anawaponyoka askari. Anakimbia nyuma ya lori, akiita jina la mchumba wake. Risasi zinalia, naye anaanguka barabarani. Mwanawe mdogo anamkimbilia akilia.

Watu wa Roma walioitazama waliyaona maisha yao wenyewe. Sinema hiyo ilionyeshwa katika nchi nyingi, na Anna akajulikana. Zile nywele na ile sauti, vilivyomfanya apewe sehemu ndogo, ndivyo sasa watu walivyovipenda.

Mama katika sinema nyingine

Mwaka 1951 aliigiza katika Bellissima. Humo ni mama maskini anayewapiga watu sindano ili apate riziki. Anatumia akiba yake yote ili binti yake mdogo awe mwigizaji. Kisha anawaona wakubwa wa sinema wakimcheka mtoto huyo. Baadaye wanapotaka kumwajiri, mama anakataa. Anaona kwamba heshima ya mtoto ni kubwa kuliko fedha.

Mwaka 1955 aliigiza Marekani katika The Rose Tattoo, akiwa mshonaji aliyefiwa na mumewe. Kwa kazi hiyo, mwaka 1956 alipata tuzo ya Oscar, tuzo kubwa ya sinema huko Marekani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Italia kuipata kwa uigizaji bora. Mwaka 1962 aliigiza katika sinema iitwayo Mamma Roma, yaani Mama Roma.

Kifo chake

Anna Magnani alifariki Roma tarehe 26 Septemba 1973, kwa ugonjwa wa saratani. Alikuwa na umri wa miaka 65. Siku ya mazishi watu wengi sana walijaa barabarani. Jeneza lilipotolewa kanisani, walipiga makofi. Haikuwa furaha. Mwigizaji hushukuriwa kwa makofi, na watu wa Roma walikuwa wanamshukuru mama yao.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni nani aliyemlea Anna, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini Anna alipewa sehemu ndogo katika sinema za mwanzo?
3. Je, mama katika Bellissima alifanya vizuri kukataa fedha? Toeni sababu.
4. Watoto wa kijiji chetu wamepata chanjo ya kupooza?