Jimi Hendrix: Mkono wa Kushoto Uliotikisa Ulimwengu wa Gitaa

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na sanduku la mbao la mjomba wangu aliyekuwa baharia. Mjomba alisafiri na meli za mizigo kwa miaka mingi, na kila aliporudi alileta vitambaa, saa, manukato na santuri. Nyingi katika santuri hizo zilikuwa za Misri na za Bara Hindi. Lakini chini kabisa, zimefungwa kwa shuka kuukuu, zilikuwamo tatu za kijana mmoja Mwamerika mwenye nywele kama kichaka. Moja katika hizo tatu mjomba alikuwa amelifunika jalada lake kwa karatasi ya kahawia na gundi, na ole wake mtoto ambaye angeibandua.

Ndani ya jalada jingine palikuwa na kipande cha gazeti la Kizungu chenye picha ya kijana huyo jukwaani. Niliitazama kwa siri, na siku hiyo nikaona jambo lililonishitua. Gitaa alilishika kinyume. Alipiga kwa mkono wa kushoto.

Lilinishitua kwa kuwa na mimi ni mtu wa shoto. Chuoni, tulipokuwa tukiandika aya zetu ubaoni, kila nilipoishika kalamu kwa kushoto mwalimu alinichapa henzirani juu ya vidole, mpaka nikaihamishia mkono wa kuume. Simlaumu, alikuwa akifuata aliyoyakuta, na kheri aliyonifunza ni nyingi kuliko mapigo yake. Lakini tangu siku zile nimekuwa nikijiuliza mkono ule ungeandika nini lau ungaliachwa. Ndiyo sababu leo nataka kukusimulia habari za marehemu Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, mwaka ule ule niliozaliwa mimi.

Hendrix alizaliwa mjini Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Mama yake, Lucille, alikuwa binti wa miaka 17, na baba yake, Al, alikuwa jeshini katika Vita Vikuu vya Pili. Jina alilopewa kwanza ni Johnny Allen; baba aliporudi kutoka vitani alilibadili mwaka 1946 likawa James Marshall. Maisha ya nyumbani yalikuwa ya dhiki na ugomvi. Wazazi walitalikiana mwaka 1951, na mwaka 1958 Lucille akafariki, mwanawe akiwa na miaka 15 tu.

Mtoto huyu alipenda gitaa kabla ya kulipata. Shuleni alitembea na ufagio akiufanya ndio gitaa lake, hata mfanyakazi mmoja wa ustawi wa watoto akaandika barua kuomba fedha za kumnunulia gitaa la kweli, kwa hofu kwamba kumnyima kungemdhuru moyoni. Hazikupatikana, na baba naye alikataa kununua. Mwaka 1957, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya bibi mmoja, Jimi aliokota ukulele, yaani kigitaa kidogo, kilichobakiwa na uzi mmoja. Kwa uzi huo mmoja alijifunza kufuata nyimbo alizozisikia redioni. Mwaka uliofuata alipata gitaa kuukuu la dola 5.

Sasa tazama mambo ya shoto. Nduguye, Leon, amesimulia kwamba baba yao aliamini mkono wa kushoto ni wa shetani, na kwamba Jimi alikuwa akiligeuza gitaa na kupiga kwa kuume kila baba alipoingia chumbani, kisha akaligeuza tena alipotoka. Kuandika, aliandika kwa mkono wa kulia maisha yake yote. Lakini gitaa alilichukua la watu wa kulia, akaligeuza juu chini na kuzipanga nyuzi zake upya. Nilipoyasoma haya, nikiwa mtu mzima, niliweka kitabu chini nikatazama vidole vyangu. Kumbe henzirani haikuwa ya Mombasa peke yake.

Mwaka 1961 Jimi alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, akapewa hiari ya kwenda jela au jeshini. Akachagua jeshi, akawa askari wa miavuli katika Divisheni ya 101 kule Fort Campbell, Kentucky. Askari hodari hakuwa, maana moyo wake ulikuwa kwenye gitaa, na mwaka 1962 aliachiliwa. Jambo la faida alilolipata huko ni rafiki, Billy Cox, mpiga gitaa la besi, ambaye tutakutana naye tena mbele.

Kwa miaka minne iliyofuata alizunguka na bendi za watu weusi, akipiga nyuma ya wakubwa kama vile Isley Brothers na Little Richard. Mshahara ulikuwa mdogo, njaa ilikuwa kubwa, na mara kwa mara alitozwa faini au kufukuzwa kwa kuwa hakuweza kusimama kimya nyuma ya mwimbaji. Mwaka 1965, kwa pupa ya mtu asiye na kitu, alitia sahihi mkataba na mtayarishaji mmoja wa New York kwa dola 1 na asilimia 1 ya mapato. Mkataba huo aliusahau, lakini wenyewe haukumsahau, kama utakavyoona.

Mwaka 1966 alikuwa akipiga katika mkahawa mmoja wa Greenwich Village, New York, alipoonwa na Chas Chandler, mpiga besi wa bendi ya Kiingereza ya Animals. Chandler alimchukua wakasafiri pamoja, wakafika London tarehe 24 Septemba 1966. Huko walitafutwa Noel Redding, mpiga gitaa aliyekubali kushika besi, na Mitch Mitchell, mpiga ngoma aliyekulia katika mahadhi ya jazi. Watu watatu tu, na jina la bendi likawa Jimi Hendrix Experience. Haikupita miezi mingi, wapiga gitaa mashuhuri wa London wakawa wanakuja kumtazama na kurudi nyumbani wakiwa na mashaka juu ya vidole vyao wenyewe.

Zama zile ndizo zilizokuwa za muziki ulioitwa saikedeliki, yaani muziki uliokusudiwa kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kila siku na kumpeleka kwenye rangi na ndoto. Wengi walioupiga walijificha nyuma ya vitimbi vya mitambo. Hendrix alivitumia vitimbi hivyo, lakini chini yake mlikuwa na blues, muziki wa huzuni wa mababu zake, na kwa hiyo haukuyumba. Aliacha santuri tatu na bendi ile, ambazo ndizo zile zilizokuwa sandukuni. Anayetaka kumjua, na aanze na hizo.

Ya kwanza ni Are You Experienced, iliyotolewa Uingereza mwezi Mei 1967. Ilipanda hadi namba 2, ikazuiliwa na Beatles kukaa ya kwanza. Katika wimbo uliobeba jina la santuri, gitaa na ngoma vilirekodiwa kisha utepe ukachezwa kinyumenyume, ili sauti ianze mwishoni na kuishia mwanzoni. Waingereza walistaajabu. Sisi tuliojifunza kusoma kutoka kuume kwenda kushoto pengine hatukustaajabu sana. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Juni, alirudi kwao kwa mara ya kwanza tangu aondoke, katika tamasha la Monterey, California, na mwisho wa onyesho akalitia moto gitaa lake jukwaani. Picha ya moto ule ndiyo iliyomfanya mashuhuri Marekani. Ndiyo pia iliyomtesa baadaye, kwa kuwa kila alipokwenda watu walitaka vituko badala ya muziki.

Ya pili, Axis: Bold as Love, ilitoka Desemba mwaka huo huo. Imesimuliwa mara nyingi jinsi Hendrix alivyoisahau ndani ya teksi kanda ya upande wa kwanza, ikiwa tayari imekamilika, isionekane tena, hata ikawabidi yeye, Chandler na fundi Eddie Kramer kuichanganya upya kwa usiku mmoja. Kampuni nayo ilimtia jaladani katikati ya miungu ya Kihindi, jambo ambalo halikumpendeza, kwa kuwa uhindi aliojivunia ni ule wa wenyeji wa asili wa Marekani, Wacherokee, aliodai kutoka upande wa bibi yake. Katika santuri hii mna Little Wing, wimbo usiofika hata dakika tatu. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na najua ugumu wa kusema jambo kubwa katika beti mbili. Yeye aliliweza kwa gitaa.

Ya tatu, Electric Ladyland, ilitoka Oktoba 1968, sahani mbili katika jalada moja, ikashika namba 1 Marekani. Sasa alikuwa mtayarishaji wake mwenyewe, naye akarudia nyimbo mara nyingi mno, akajaza studio marafiki na wapita njia, hata Chandler akachoka akaondoka. Wimbo wa Bob Dylan, All Along the Watchtower, aliugeuza ukawa wake, na Dylan mwenyewe akaufuata mtindo huo baadaye alipouimba jukwaani. Lakini ninaoupenda mimi ni ule mrefu, 1983, unaosimulia mtu na mpenzi wake wanaoikimbia nchi iliyoharibiwa na vita na kuingia baharini wakawe viumbe wa maji. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa wimbo huo. Jalada la toleo la Uingereza lilijaa wanawake walio uchi, jambo ambalo Hendrix hakulitaka wala hakulipenda, na sasa umejua kwa nini mjomba alinunua karatasi ya kahawia.

Baada ya hapo kamba ilianza kukatika. Bendi ilivunjika Juni 1969. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti, alifunga tamasha la Woodstock, wengi katika umati wakiwa wamekwisha kurudi makwao, na hapo akaupiga wimbo wa taifa la Marekani peke yake kwa gitaa, akaupasua kwa milio ya ndege na mabomu. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Wako waliosema ameutukana. Wako waliosema ndiyo mara ya kwanza wameusikia kwa kweli. Tusisahau kwamba aliyeupiga alikuwa askari wa miavuli wa zamani.

Mkataba ule wa dola 1 nao ukarudi kudai chake. Ili kulipa deni hilo ilibidi atoe santuri nzima, Band of Gypsys, iliyorekodiwa New York katika siku ya mwaka mpya wa 1970 pamoja na Billy Cox, rafiki wa jeshini, na mpiga ngoma Buddy Miles. Alijenga studio yake mjini New York, Electric Lady, iliyofunguliwa tarehe 26 Agosti 1970. Hakuifaidi. Siku chache baadaye alikuwa Ulaya akipiga ili kulipia gharama, amechoka, hapati usingizi. Onyesho lake la mwisho kubwa lilikuwa katika kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani, tarehe 6 Septemba.

Tarehe 18 Septemba 1970, mjini London, Jimi Hendrix alifariki akiwa na miaka 27. Alikuwa amemeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akapaliwa na matapishi yake. Mchunguzi wa vifo hakuweza kuamua kama ni ajali au vinginevyo. Alizikwa Renton, karibu na mji aliozaliwa. Umaarufu wake wote ulidumu kwa miaka minne kasoro siku chache. Wosia hakuacha, na baba yake, yule yule aliyekataa kununua gitaa, alipigana mahakamani mpaka mwaka 1995 ndipo haki za muziki wa mwanawe zikarudi kwake.

Vijana husikia habari hizi wakadhani dawa ndizo zilizompa kipaji. Huo ni uongo unaoua. Kipaji alikuwa nacho tangu siku za ufagio na uzi mmoja. Dawa zilimkuta nacho, zikamwondoa nacho. Tungalikuwa na santuri ishirini zake, tunazo nne alizozikamilisha mwenyewe.

Lakini si hilo tu lililonifanya nishike kalamu. Mjukuu wangu wa kike ametimu miaka mitano, ameanza chuo, naye ni wa shoto. Jamaa walikusanyika juzi wakashauriana jinsi ya kumrekebisha, na wote wakanigeukia mimi, wakijua nilirekebishwa nikawa mwandishi. Niliwaambia kwamba kula atakula kwa mkono wa kuume, kama tulivyofunzwa na Mtume wetu, na kwa hilo sina mjadala. Kalamu ataishika kwa mkono aliojaaliwa na Mola wake, na mwalimu nitakwenda kusema naye mwenyewe. Hawakupendezwa. Jioni ile nilimkuta mtoto sakafuni akichora jahazi kwa kipande cha makaa, tanga limejaa upepo, na alipohisi kivuli changu mlangoni akauhamisha mkaa haraka kwenye mkono wa kulia. Nilikaa chini karibu naye, nikaurudisha.