Tarakimu Nne Kutoka Chini ya Bahari

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maisha ya marais, wafalme na wanariadha. Mimi mwaka huu nimeonelea niwaletee rubani. Tena si rubani tu, bali pia mwandishi wa vitabu, aliyepotea pamoja na ndege yake ya kivita, na ikachukua takriban miaka 60 kabla ya ndege hiyo kutambuliwa. Kaeni kitako niwasimulie.

Antoine de Saint-Exupéry alizaliwa mjini Lyon, Ufaransa, tarehe 29 Juni 1900. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka minne. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipandishwa ndege kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo moyo wake ukabaki mawinguni. Shuleni hakuwa moto wa kuotea mbali. Alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha wanamaji akaanguka. Mwaka wa 1921 akaingia jeshini, na huko ndiko alikojifunza kuendesha ndege.

Mwaka wa 1926 aliajiriwa na kampuni ya Latécoère iliyobeba barua kwa ndege kutoka Toulouse kwenda Afrika hadi Dakar, Senegal. Ndege za siku hizo zilikuwa balaa! Rubani alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni, na injini ikizima juu ya jangwa, basi imezima. Mwaka uliofuata akafanywa mkuu wa kituo kidogo cha Cap Juby, pembeni mwa Sahara, mahali ambapo leo panaitwa Tarfaya, nchini Morocco. Marubani walioangukia huko walitekwa na wenyeji wa jangwani, naye akawa mtu wa kwenda kuzungumza ili waachiliwe.

Yeye mwenyewe hakukosa kuonja shubiri. Mwisho wa mwaka wa 1935 alitaka kuvunja rekodi ya kuruka kutoka Paris hadi Saigon. Ndege ikaanguka jangwani upande wa Libya na Misri. Yeye na fundi wake, André Prévot, walitangatanga kwa siku kadhaa, maji yamewaishia, macho yakiona maziwa yasiyokuwepo. Nusura wafe kiu, lakini Mbedui mmoja akatokea na ngamia wake akawaokoa. Mwaka wa 1943 akiwa New York alitoa kitabu kuhusu rubani aliyeanguka jangwani akakutana na mtoto kutoka nyota nyingine. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika mamia ya lugha, na kwa Kiswahili kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme.

Mtu mwenye sifa kama hizo angeweza kukaa Marekani raha mustarehe mpaka Vita vya Pili vya Dunia viishe. Wapi! Mwaka huohuo alirudi Afrika Kaskazini kujiunga na kikosi chake cha zamani. Walikuwa wakitumia ndege za kivita za Marekani aina ya P-38 Lightning, zenye injini mbili na kiti kimoja. Zao zilikuwa zimeondolewa bunduki na kutiwa kamera za kupiga picha ngome za adui. Yaani rubani akivamiwa, silaha yake ni mbio tu. Saint-Exupéry alikuwa na miaka 43, mzee mno kwa ndege hiyo. Mwili wake ulikuwa na majeraha ya ajali nyingi, hata kuvaa nguo za urubani alihitaji msaada. Aliharibu ndege moja wakati wa kutua, akapigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Alisihi na kusihi mpaka akaruhusiwa safari tano. Akazipita.

Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1944 aliruka kutoka Borgo, kisiwani Corsica, kwenda kupiga picha maeneo ya Grenoble na Annecy yaliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Saa za mafuta kumalizika zikafika, zikapita. Hakurudi ng'o.

Uvumi ukaanza. Kuna waliosema kaanguka milimani, na wengine wakasema kajiua. Miaka ikaenda hadi Septemba 1998, mvuvi Jean-Claude Bianco aliponasa bangili ya fedha katika wavu wake karibu na kisiwa cha Riou, mbele ya Marseille. Bangili hiyo ilikuwa na jina la rubani, la mkewe Consuelo, na la wachapishaji wake wa New York. Badala ya kupongezwa, mvuvi akashukiwa kuwa tapeli aliyeitengeneza mwenyewe!

Ndipo mzamiaji Luc Vanrell alipotangaza, mwaka wa 2000, kwamba ameona mabaki ya P-38 katika bahari hiyohiyo. Serikali iliruhusu yatolewe mwaka wa 2003. Kwenye kipande kimoja cha chuma zilionekana tarakimu nne: 2734.

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Ndege ilikuwa na nambari mbili, kama vile mwanafunzi alivyo na nambari ya usajili shuleni na nyingine ya mtihani wa kitaifa. Hiyo 2734 ilikuwa nambari ya kiwandani Lockheed. Rekodi zilipotazamwa, ilionekana kuwa ndege hiyo jeshini iliitwa 42-68223. Na hiyo ndiyo aliyoondoka nayo Saint-Exupéry. Aprili 2004 jambo likatangazwa rasmi, na mvuvi wetu akatakasika. Vipande hivyo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya ndege la Le Bourget, karibu na Paris.

Tarakimu hizo hazikueleza kila kitu. Vipande vilivyotolewa havikuonyesha matundu ya risasi. Mwaka wa 2008 rubani mzee wa Kijerumani, Horst Rippert, alidai kuwa ndiye aliyemdungua, lakini madai yake hayakuthibitishwa.

Wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenye midomo walibishana juu ya bangili, lakini aliyeinama mpaka chini ya bahari ndiye aliyeleta jibu. Siku moja mwenzako akija na habari ngeni, usikimbilie kumwita mwongo. Mwombe mkatazame pamoja.