Mathias Mnyampala, Mgogo Aliyehesabu Mizani

Ndugu msomaji, ukitoka Makole ukashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, hutakwenda mbali kabla ya kufika Ihumwa. Siku hizi Ihumwa ni sehemu ya Jiji la Dodoma. Malori hupita hapo mchana na usiku. Lakini mwaka 1917 Ihumwa palikuwa mahali pa Wagogo wenye matembe yao, ng'ombe wao, na mashamba ya uwele na mtama. Mwaka huo alizaliwa huko mtoto aliyekuja kuitwa Mathias Mnyampala.

Ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi yetu. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, na yalichukua wanaume wenye nguvu wakabebe mizigo ya vita. Kisha mvua haikunyesha. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Ilidumu tangu 1917 hadi 1920, na watu maelfu na maelfu walikufa. Wazee wa Ugogo waliisimulia njaa hiyo kwa wajukuu wao. Labda nawe umewahi kuisikia. Mnyampala alikuwa mmoja wa watoto waliopona.

Alikua akisema Kigogo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikiri dini ya Kikristo katika Kanisa Katoliki, akasoma, akajua kuandika. Baadaye alifanya kazi ya ualimu, kisha ukarani, na mwishowe akawa hakimu. Hizo zilikuwa kazi nzuri kwa wakati ule. Mtu angeweza kutosheka nazo, akapokea mshahara, akanunua ng'ombe, akakaa kivulini. Tena jina lake leo lisingejulikana.

Lakini Mnyampala alikuwa ameshikwa na jambo. Jambo lenyewe ni mashairi ya Kiswahili.

Sasa tuseme kweli. Kushikwa na jambo si sifa peke yake. Sote tumemwona mtu aliyeshikwa na bao. Hukaa chini ya mti tangu asubuhi, na mbuzi wanaingia katika uwele wake, naye haoni. Huyo naye ana moyo wa kupenda kitu, tena moyo wake una moto. Tofauti iko wapi basi kati yake na Mnyampala? Ili kuijua, yatupasa kwanza tutazame shairi ni kitu gani.

Shairi la Kiswahili lina sheria zake, na sheria hizo ni kali. Kila mstari hukatwa vipande viwili. Kila kipande kina mizani 8. Mizani ni zile sauti fupi unazozitamka unaposoma neno polepole, kama ulivyofundishwa darasani. Chukua maneno haya: mkulima analima. Yahesabu kwa vidole. M, ku, li, ma, a, na, li, ma. Ni 8. Ongeza maneno haya: shamba lake la mtama. Sha, mba, la, ke, la, m, ta, ma. Ni 8 tena. Umepata mstari mmoja wenye mizani 16. Tena tazama, kipande cha kwanza kimeishia na ma, na cha pili kimeishia na ma. Hivyo huitwa vina.

Rahisi? Ngoja kwanza. Ubeti mmoja una mistari minne. Hiyo ni mizani 64. Mistari yote ya ubeti lazima ilingane kwa mizani, na vina vifuate mpango wake. Pia maneno yawe na maana. Mshairi hawezi kutia neno kwa sababu tu linafaa kwa hesabu. Mizani ikizidi moja, shairi limeharibika, na wajuzi watamcheka. Jaribu jioni moja kutunga ubeti mmoja. Utaona kwamba moyo wenye moto haukusaidii kama huna subira ya kuhesabu.

Zaidi ya hayo, Mnyampala alikuwa mtu wa bara. Ushairi huo ulikuzwa pwani kwa muda wa karne nyingi: Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Tanga. Mtoto wa huko aliusikia nyumbani kwao tangu yu mchanga. Sisi wa Ugogo tuna nyimbo zetu, tuna zeze letu na ngoma zetu, na sifa yake imefika mbali. Lakini nyimbo hizo zina utaratibu mwingine. Mgogo aliyetaka kuwa mshairi wa Kiswahili ilimbidi ajifunze maneno, ajifunze hesabu ya mizani, ajifunze na vina, tena katika lugha ya kujifunza. Watu wengi waliamini kwamba jambo hilo ni la watu wa pwani tu. Mnyampala hakubishana nao kwa makelele. Alitunga, akahesabu, akatunga tena.

Hakuiacha kazi yake ya mshahara ili awe mshairi. Wala hakuacha mambo ya kwao. Kitabu chake kinachojulikana sana hapa Dodoma si cha mashairi. Kinaitwa Historia, Mila na Desturi za Wagogo, nacho kilitolewa mwaka 1954. Ndani yake ameandika habari za koo za Wagogo na mahali zilikotoka, habari za watemi, za mvua, za jando na za ndoa. Mambo hayo yalikuwa katika vichwa vya wazee. Mzee akifa, aliondoka nayo. Ilihitaji mtu wa kuketi na kusikiliza, kisha kuyaweka yote kwa mpango. Mwaka 1995 mtaalamu wa historia wa Marekani, Gregory Maddox, alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, na leo husomwa katika vyuo vya mbali.

Mimi naona kazi ile na ushairi ni kitu kimoja. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani 64 kwa ubeti hachoki upesi kuuliza habari za koo moja baada ya nyingine.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, kilitoka kitabu chake kiitwacho Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Diwani ni kitabu cha mashairi ya mtu mmoja yaliyokusanywa pamoja. Halafu kuna kazi mbili ambazo mimi hunistaajabisha kuliko zote. Alichukua habari za Injili akazitunga kuwa utenzi. Akachukua pia Zaburi akazitunga kuwa utenzi. Zaburi ni 150, ndugu msomaji! Katika utenzi kila ubeti una vipande vinne vyenye mizani 8 kila kimoja. Vitatu vya kwanza hufanana vina vyao, na cha nne hubeba kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Tenzi zilikuwa chombo cha Waislamu wa pwani kwa muda mrefu sana. Mgogo Mkristo alikipokea chombo hicho kwa heshima, akafuata sheria zake, akakitia habari za dini yake.

Wakati huo washairi wa nchi yetu walikuwa na chama chao, jina lake UKUTA. Maana yake ni Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Walikuwamo watu wa pwani waliozaliwa ndani ya ushairi. Nao walimkubali Mnyampala wa Ihumwa akawa mwenyekiti wao.

Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais, aliwataka washairi wawaeleze wananchi maana ya Azimio hilo kwa njia ya ushairi. Wengi vijijini hawakujua kusoma. Kitabu kingewafaa nini? Hapo Mnyampala akaikuza njia ya ngonjera. Ngonjera ni mashairi ya kujibizana. Mmoja hajui jambo, au analipinga. Mwingine anamweleza, naye anajibu, na hivyo wanaendelea mpaka wanapatana. Watu husimama mbele ya wenzao wakayasema kwa kichwa. Asiyejua kusoma husikia, akashika, akaenda kuyasema nyumbani.

Si ngonjera zote zilizo tamu. Baadhi yake ni kavu kidogo, kwa sababu unajua tangu mwanzo nani atashindwa. Hayo ni maoni yangu, nawe ukizisoma utasema yako. Lakini hata katika zile kavu mizani imetimia. Hutapata pengo.

Mnyampala hakuziona zikitoka kitabuni. Alifariki hapa Dodoma mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini na kidogo tu. Ngonjera za UKUTA, Kitabu cha Kwanza, kilichapishwa mwaka 1970. Kitabu cha Pili kilifuata mwaka 1971. Shule nyingi zilivipokea. Alikuwa pia ameandika habari za maisha yake mwenyewe, na maandiko hayo yalikaa miaka zaidi ya arobaini bila kuwa kitabu. Yalichapishwa mwaka 2013. Jina la kitabu hicho ni Maisha ni Kugharimia. Kugharimia ni kutoa gharama ya kitu.

Siasa za nchi zimebadilika tangu siku zile, na mengi yaliyosemwa katika ngonjera za kwanza hayasemwi tena. Ngonjera zenyewe zimebaki. Siku ya sherehe shuleni, ukiona watoto wamejipanga mbele ya mgeni rasmi, upande mmoja unauliza na upande wa pili unajibu, tega sikio. Siku nyingine watakuwa wanazungumza habari za malaria, au za kutunza miti. Hesabu kwa vidole kipande kimoja wanachokisema. Kama mwalimu wao alitunga vizuri, utapata 8.