Livingstone pale Kabambare: maji ya kuchemsha, nyumbo na miguu iliyokataa kutembea

Mwezi wa saba mwaka 1870, muzungu mmoja aliingia Kabambare akichechemea. Alikuwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Wengine walikuwa wamekataa kumfuata. Alikuwa na umri wa miaka 57, meno yake mengi yalikuwa yameshatoka, na miguu yote miwili ilikuwa na vidonda vinavyokula nyama. Huyo ndiye David Livingstone. Katika maandishi yake aliita mahali hapo Bambarre, lakini ni Kabambare hii yetu, ile ambayo leo ukitoka Kasongo na pikipiki wakati wa mvua unafika umepakwa matope mpaka kichwani.

Wengi wetu tunamjua Livingstone kwa ajili ya ramani, na kwa ajili ya Ujiji, pale alipokutana na Stanley. Tumeona ni vizuri safari hii tuangalie upande mwingine: jinsi huyu mtu alivyotunza mwili wake, jinsi alivyojinyima, na vitu vidogo vilivyomfurahisha. Yeye mwenyewe alikuwa munganga. Alijua mengi ya afya. Na bado Maniema ilimshinda nguvu, na sababu moja ni kwamba hakujua kukaa chini.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini iliyoishi katika chumba kimoja. Baba yake, Neil, alitembea akiuza majani ya chai. Alikuwa mtu wa kanisa na hakugusa pombe. David alipofikisha miaka 10 alipelekwa kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kisha akaenda shule ya usiku ya masaa mawili, na akirudi nyumbani anaendelea kusoma mpaka mama yake amnyang'anye kitabu. Kiwandani aliweka kitabu juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila anapopita. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukubwani si rahisi umwambie apumzike.

Alisoma unganga Glasgow, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841 kama mmisionari. Katika safari zake za kwanza alitengeneza kidonge chake mwenyewe cha homa: kinini, pamoja na dawa kali za kusafisha tumbo. Kidonge hicho kilisaidia watu wengi, na baadaye kikauzwa Ulaya kwa jina lake. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, Livingstone akiwa kaburini miaka zaidi ya 20. Yeye aliamini kwamba pamoja na kinini, mtu anajikinga kwa kula vizuri, kufanya kazi, kutembea na kutokuwa na huzuni.

Kuna ukweli ndani ya mawazo hayo, lakini yalimfanya awe mkali. Katika safari ya mto Zambezi, kuanzia 1858, aliona wazungu wenzake wanaougua kama wavivu. Aligombana nao karibu wote. Mke wake Mary, aliyemfuata huko, alikufa kwa homa kule Shupanga mwezi wa nne 1862. Mary hakuwa mvivu. Hapo mtu angetegemea kwamba bwana atajifunza kitu juu ya mipaka ya mwili, lakini sioni kwamba alijifunza.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Mwezi wa kwanza 1867, wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Kinini chote kikaenda. Tangu siku ile munganga akawa anasafiri kama mtu mwingine yeyote, akitegemea anachokipata njiani. Alikula mahindi magumu mpaka meno yakalegea, na mengine aliyang'oa mwenyewe kwa kufunga uzi. Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akabebwa kwa machela. Aliyemuokoa ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hapa lazima tuseme wazi: Livingstone alichukia biashara ya watumwa na alikuja kuipiga vita, lakini maisha yake aliyashika kwa mikono ya wale wale walioifanya. Alikula chakula chao, alilala katika kambi zao, alisafiri na misafara yao. Aliliandika jambo hilo bila kulificha.

Ni pamoja na Bogharib alipofika Kabambare kwa mara ya kwanza, tarehe 21 mwezi wa tisa 1869. Ulikuwa mji wa chifu ambaye yeye aliandika jina lake Moenekuss. Chifu huyo alikuwa ameshafariki, na watoto wake wawili walikuwa mahali pake. Livingstone aliipenda nchi mara moja. Aliandika juu ya milima, misitu mikubwa, vijiji vyenye nyumba nzuri, mashamba ya mahindi, karanga, ndizi na mihogo, na uzuri wa wanaume na wanawake wa Maniema. Aliona pia watu wakinywa malofu, pombe ya mchikichi.

Alichotaka yeye ni Lualaba. Alifikiri labda ndiyo chanzo cha Nile, na juu ya wazo hilo (ambalo leo tunajua lilikuwa kosa, maana Lualaba ndiyo Kongo yenyewe) alikuwa tayari kuharibu mwili wote. Alitoka Kabambare mwishoni mwa 1869 katikati ya mvua. Alivuka mito na matope na viatu vilivyolowa, akashikwa na kuhara na homa. Mwezi wa pili 1870 akafika Mamohela, kambi ya wafanyabiashara, akiwa amechoka kabisa.

Na hapo kwa mara moja alifanya kile ambacho manesi wa vituo vyetu vya afya wanakisema kila siku. Alikaa ndani. Alijikinga na mvua. Alichemsha maji yote aliyotumia. Hiyo ilikuwa miaka 13 kabla ya Robert Koch kuonyesha kijidudu cha kipindupindu, na leo bado kuna nyumba zetu ambako maji ya mto yanakunywewa hivi hivi.

Lakini kitu alichokisifu kuliko vyote ni kiazi. Watu wa Maniema walikuwa na kiazi kinachoitwa nyumbo, nao walikiamini kwamba kinarudisha nguvu kwa mtu aliyeugua. Walimpa, akala, akapona, na akakiandika kwa jina lake la kienyeji kama kitu kikubwa. Wazungu wengine walioandika juu ya nchi yetu wameandika pembe na vita. Huyu aliandika pia nyumbo, na mimi binafsi nampenda kidogo kwa ajili ya hiyo.

Kama angekaa pale na nyumbo zake miezi mingine, hadithi ingekuwa tofauti. Alikaa karibu miezi mitano. Halafu tarehe 26 mwezi wa sita akaondoka tena na wale watatu. Miguu ndiyo iliyokataa. Vidonda vilimshika miguu yote miwili, kila akikanyaga damu inatoka, na usiku maumivu hayampi usingizi. Aliandika kwamba watumwa waliokuwa na vidonda vya namna hiyo walilia usiku, na yeye aliwasikia. Alirudi Kabambare tarehe 22 mwezi wa saba, akakaa ndani ya nyumba zaidi ya miezi miwili bila kutembea. Dawa iliyosaidia ilikuwa jiwe la kijani la shaba, lililosagwa na maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya wa kuku.

Sasa fikiria mtu huyu, aliyefanya kazi tangu miaka 10, anakaa miezi bila kwenda popote. Alifanya nini? Alisoma Biblia. Wakati wote aliokuwa Maniema aliisoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho mara nne. Aliandika kila alichoweza. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya porini. Alifuatilia ugonjwa wa safura, ule unaofanya watu wale udongo, aliouona sana kwa watumwa. Aliona pia watumwa waliokufa bila ugonjwa unaoonekana, akaandika kwamba ni moyo uliovunjika kwa kunyang'anywa uhuru.

Na kulikuwa na furaha ndogo. Mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto wa kike wa sokomutu. Mnyama huyo alikuwa akinyoosha mkono abebwe kama mtoto wa mtu, na akikataliwa analia. Livingstone alimpenda. Lakini hakuweza kusafiri naye.

Mwezi wa pili 1871 aliondoka Kabambare, na mwishoni mwa mwezi wa tatu akafika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Nyumba ya kwanza aliyolala ilikuwa chafu na imejaa papasi. Alijengewa nyumba mpya, safi, na furaha aliyoiandika kwa sababu ya nyumba ile isiyo na papasi inaeleweka na kila mtu aliyewahi kulala na wadudu hao. Homa yao tunaijua.

Pale Nyangwe alikaa karibu miezi minne akingoja mitumbwi ambayo hakuna aliyetaka kumpa. Na wakati akingoja, alipata raha kubwa kuliko zote alizozipata huku kwetu, na haikugharimu hata shanga moja. Ilikuwa ni kwenda soko. Soko la Nyangwe lilikuwa na siku zake maalum, na watu walivuka mto kwa mitumbwi kulifikia. Yeye alikaa tu akiangalia. Aliona wanawake wakija na mizigo mizito mgongoni, samaki, chumvi, mafuta ya mawese, mihogo, vyungu, kuku. Aliona wakibishana bei, wakicheka, wakiapa kwamba kitu chao ni kizuri. Wanaume walipita wamejipamba na nguo za majani zenye rangi, jogoo amening'inia begani. Kurasa zake juu ya soko lile ni za mtu aliyesahau Nile kwa saa chache. Mama yeyote anayeuza leo Kasongo angejitambua ndani yake.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 watu wapatao 1,500 walikuja sokoni, ingawa ng'ambo ya mto vijiji vilikuwa vinaungua. Livingstone aliwaona watu watatu wa misafara wameingia na bunduki, akashangaa, maana desturi ilikataza silaha sokoni. Ubishi ulianza juu ya bei ya kuku. Kisha wakafyatua risasi katikati ya wanawake. Wengine walipiga risasi kutoka kwenye ukingo, mahali mitumbwi ilipofungwa. Watu waliruka ndani ya Lualaba, wakajaribu kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na mto uliwachukua mmoja mmoja. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuamini kwamba hesabu hiyo imewajumuisha wote.

Alikataa kukaa tena na watu wale. Siku tano baadaye aligeuka kurudi Ujiji. Habari aliyoiandika ilipofika London ilisaidia kumsukuma Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Hilo ndilo jambo kubwa lililotoka katika safari yake ya Maniema, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa amekaa sokoni kwa raha zake, si kwa kutafuta Nile.

Ujiji alifika mwezi wa kumi, mifupa mitupu, akakuta vitu vyake vimeuzwa. Siku chache baadaye Stanley akafika. Hapo kuna jambo la chakula ambalo watu husahau. Livingstone alikuwa akila mara mbili kwa siku, chakula kisicho na ladha. Stanley alileta vyakula, mpishi Halima akawasha moto, na mzee akaanza kula mara nne kwa siku. Walifungua hata chupa ya shampeni, yeye mtoto wa baba asiyegusa pombe. Ndani ya wiki moja alijisikia na nguvu.

Stanley alimshauri arudi kwao apate kupona na kutengeneza meno. Alikataa. Waliachana mwezi wa tatu 1872, naye akaenda kuzunguka ziwa Bangweulu wakati wa mvua, akitoka damu tumboni kwa muda mrefu, akibebwa, na bado kila siku akiandika kitu katika daftari, hata kama ni tarehe tu.

Usiku wa mwisho, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alimuita Susi na kumuomba achemshe maji. Kisha akaomba sanduku la dawa. Macho hayakuona tena vizuri, akachagua chupa kwa shida, akamwambia Susi inatosha, aende akalale. Kabla ya kupambazuka tarehe 1 mwezi wa tano 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Susi na Chuma, wale wale walioingia naye Kabambare, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, na pamoja na wenzao wakaubeba kwa miezi mpaka Bagamoyo.