PERPETUA HAKUMKANA YESU

Kijana, unaogopa kuchekwa mtaani? Perpetua alikuwa na miaka kama 22 tu, msomi, wa ukoo wa heshima pale Carthage, Tunisia ya leo. Tena ana mtoto ananyonya! Akakamatwa kwa ajili ya Ukristo. Angetoa sadaka kwa ajili ya Kaisari, angeachiwa. Baba yake, mzee wa mvi, akamwangukia miguuni akimsihi asiwaaibishe. Alimhurumia sana mzee, lakini Yesu hakumkana.

Tarehe 7 Machi 203 wakamtupia ng'ombe mkali uwanjani, akarushwa chini. Akafunika paja lake, nguo imechanika, akabana nywele, akamwinua Felicitas, mtumwa aliyejifungua gerezani. Mwenye upanga mkono ukamtetemeka. Perpetua mwenyewe akauongoza shingoni.