Sewa Haji: Mfanyabiashara wa misafara aliyeacha nyumba zinazozaa

MWAKA 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijiandaa kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na fedha na mizigo, lakini hakuwa na wapagazi. Aliyekubali kumtafutia watu wapatao 140 alikuwa kijana wa Kihindi wa miaka 20 hivi, Sewa Haji Paroo. Wawili hao waligombana sana kuhusu malipo na ucheleweshaji, na baadaye Stanley alimlalamikia kijana huyo katika kitabu chake. Hata hivyo wapagazi walipatikana, na safari ikaenda.

Huyo ndiye mtu ambaye jina lake lilikuja kubandikwa katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam.

Sewa alizaliwa mwaka 1851. Baba yake, Haji Kanji, alitoka Kutch nchini India, akafungua duka Zanzibar mwaka 1852 na tawi lake Bagamoyo mwaka 1860. Mtoto aliingia katika biashara ya baba akiwa na miaka 18. Kazi yao ilikuwa kuuzia misafara nguo, shanga na waya wa shaba, kisha kupokea kutoka bara pembe za ndovu, pembe za kifaru, meno ya kiboko na sandarusi.

Biashara hiyo ilikuwa na faida kubwa, lakini ilikuwa ya kukesha. Bidhaa zilitolewa kwa mkopo, na msafara ulichukua miezi kadhaa kufika Tabora na kurudi. Mwaka huohuo wa 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia. Ndui iliua wapagazi. Mwaka 1888 na 1889 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliiharibu Bagamoyo yenyewe. Mwenye duka aliyekuwa na mali yake yote mgongoni mwa wapagazi aliweza kuamka maskini bila kujua siku yenyewe ilikuwa ipi.

Sewa Haji hakuacha mali yake yote barabarani. Kadiri miaka ilivyopita alipata viwanja na nyumba mjini. Nyumba haileti faida ya pembe za ndovu, lakini haihitaji kusubiriwa irudi kutoka Ujiji.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mahali. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Ofisi zilipoondoka, maofisa, makarani na wateja wao waliondoka nazo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, ikamaliza kabisa biashara ya misafara. Nyumba za mawe za Bagamoyo zilibaki imara, ila wenye kuzihitaji wakapungua, na baadhi zimebaki magofu hadi leo. Sewa Haji hakuishi kuiona reli. Lakini mali yake haikuwa Bagamoyo peke yake. Alikuwa na viwanja na nyumba Dar es Salaam pia.

Mkulima wa Mbulu aliyeuza vitunguu saumu, au wa Hanang aliyeuza ngano na alizeti, naye akifikiria kujenga vyumba vya kupangisha, yuko katika hesabu hiyohiyo. Mathalani, akitumia Sh milioni 6 kujenga vyumba viwili vya Sh 25,000 kila kimoja kwa mwezi, atakusanya Sh 600,000 kwa mwaka vikiwa vimejaa muda wote. Fedha zake zitarudi baada ya miaka 10. Vyumba vikikaa vitupu miezi mitatu kila mwaka, mapato yatashuka hadi Sh 450,000 na miaka itapita 13, na hapo bati lililovuja na choo kilichojaa havijahesabiwa. Hizo si fedha za ada ya mtoto ya Januari ijayo. Anayejenga kwa mkopo wa mwaka mmoja anajitafutia balaa.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe ni nani atapanga, na ni kitu gani kitamfanya abaki. Haydom ina hospitali ya Kilutheri tangu mwaka 1955, na wauguzi, wanafunzi na wanaouguza wagonjwa hawaondoki mavuno yakiharibika. Katesh ina ofisi za wilaya na barabara ya lami ya Babati hadi Singida. Dongobesh imepata ofisi za halmashauri ya wilaya baada ya Mji wa Mbulu kuwa na halmashauri yake. Kinyume chake, fremu zinazojengwa kando ya mnada wa wiki hujaa siku moja na kulala siku sita.

Swali la pili ni kiwanja chenyewe. Desemba 3, 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa na nyumba nyingi zikafukiwa. Kiwanja cha bei rahisi kando ya korongo kina sababu ya urahisi wake. Wazee wa eneo wanajua maji yalipita wapi zamani, na kuwauliza hakuna gharama. Kipimo na hati vifuate kabla ya tofali la kwanza.

Sewa Haji alitoa mali nyingi akiwa hai. Miaka ya 1890 alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, akitaka watoto wapokewe bila ubaguzi. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Waasia Dar es Salaam. Alifariki Zanzibar Februari 10, 1897, akiwa na miaka 46.

Wosia wake ndio unaoonyesha alivyoielewa nyumba. Hakuamuru viwanja na nyumba zake za Bagamoyo na Dar es Salaam ziuzwe na fedha zigawanywe mara moja. Aliziacha mikononi mwa serikali ya Wajerumani, kwa masharti kwamba mapato yake yatumike kutunza wagonjwa wa hospitali hiyo na wenye ukoma wa Bagamoyo. Mpangaji alilipa pango, na mgonjwa asiye na kitu akatibiwa.

Hospitali ya Sewa Haji ilikamilika mwaka huohuo aliofariki, ikahudumia mji kwa takriban miaka 60 hadi Hospitali ya Princess Margaret ilipofunguliwa mwaka 1956. Hiyo ndiyo Muhimbili ya leo, na wodi za jengo mojawapo bado zinaitwa Sewa Haji.